Moyo unaruka mapigo, daktari kasema mzima, ila kukimbia naogopa

Karani_Chikongola:
Wakuu za asubuhi, naomba msaada maana nimefika pabaya. Nina miaka 34, niko Mtwara mjini, ni karani kwenye chama cha msingi, na mnajua msimu wa korosho ukianza hakuna kulala, mzani, magunia, mkulima anakupigia saa sita usiku anauliza hela imeingia. Katikati ya msimu uliopita ndo moyo ukaanza vituko. Unadunda vizuri tu, ghafla unakosa pigo, kimya, halafu linakuja moja kubwa kama mtu kakusukuma kifuani kwa ndani. Siku nyingine mara tatu, siku nyingine hata sihesabu.

Nikaenda hospitali, presha, damu, ECG ile ya kusoma umeme wa moyo, baadae eko, picha ya moyo. Daktari akasema moyo mzuri, hayo ni mapigo ya ziada, watu kibao wanayo, fanya mazoezi kama kawaida. Sasa hiyo "kama kawaida" ndo imenishinda. Nilikuwa mtu wa kukimbia Shangani kila alfajiri. Nilijaribu kurudi mwezi wa pili, nikafika kwenye mitumbwi moyo ukaruka mara moja tu, miguu ikaisha nguvu, nikakaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa vidole viko shingoni nahesabu. Maji yalikuwa yamekupwa, kina mama wanashuka na ndoo kuchokoa pweza, wakaniuliza baba vipi, nikawadanganya nimechomwa na mwiba.

Toka siku hiyo sijakimbia. Ngazi napanda kwa vituo. Usiku nagugo mpaka saa nane, ile video ya Eriksen, mchezaji mpira wa Denmark, kuanguka uwanjani 2021 nimeitazama labda mara 50. Mke wangu kashachoka. Kuna aliyepita hapa akatoka?

Mtu_wa_Newala:
Pole mkuu ila usipuuze, korosho ina hela na hela ina macho. Angalia na upande wa pili.

Nesi_wa_Lindi:
@Mtu_wa_Newala hapana jamani, tusimuongezee mtu hofu, aliyonayo inamtosha.

Kaka karani, kabla watu hawajakwambia vaa raba nijibu haya. Umewahi kuzimia, au kukaribia kuzimia, hasa ukiwa unakimbia? Kifua kinabana ukitembea? Kuna ndugu wa damu alikufa ghafla akiwa bado kijana? Na ukiongeza mwendo yale mapigo yanazidi au yanapungua? Likiwepo hata moja la kutia shaka rudi kwa daktari kwanza umwambie hivyo hivyo, maana ECG ya kulala kitandani inachukua sekunde chache tu, ikikuta moyo umetulia haioni kitu. Kuna holta, kimashine unatembea nacho masaa 24 kinarekodi kila pigo. Na kuna cha kutembea kwenye tredmili huku wanasoma moyo. Ikibidi wanakuandikia rufaa ya Dar, JKCI, taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete.

Halafu hilo unaloona moyo umesimama, haujasimama. Pigo moja limewahi kabla ya zamu yake, dogo, mara nyingi hulisikii, moyo unatulia kidogo, damu inajaa kuliko kawaida, linalofuata linatoka na nguvu. Hilo ndo linakusukuma. Moyo unapiga kama mara laki moja kwa siku, wewe unayakamata hayo matatu kwa sababu umekaa mlangoni unayasubiri.

Eriksen ni habari nyingine kabisa, wa kwake ulisimama kweli wakamshtua na mashine palepale uwanjani. Na 2022 alirudi kucheza na kifaa kifuani. Hiyo nayo umeitazama mara 50?

Boda_Mikindani:
Nesi kamaliza upande wa vipimo, mimi niongelee woga, maana vipimo vyangu vyote vilikuwa safi na bado nilikaa mwaka mzima kama mzee.

Nilichokosea ni kusubiri yaishe ndo nianze. Hayakuisha. Nikawa nafanya mazoezi nikizunguka ukuta wa hospitali tu, nilijisemea nikianguka nimefika, walinzi mpaka wakanizoea wakadhani na mimi nimeajiriwa. Halafu lazima shemeji yangu awepo. Halafu lazima saa ya kupima mapigo. Kumbe kila kinga ninayoongeza ndo inaniambia kuna hatari. Nikaiuza ile saa, shemeji nikamwacha alale, nikaanza upya, dakika tano, nyumbani mpaka msikitini na kurudi. Wiki nzima hiyo hiyo. Ya pili dakika kumi. Kidole kikitaka kwenda shingoni nashika funguo za pikipiki. Pigo likiruka sisimami, natembea hatua ishirini nyingine, nyingine, nafika.

Kipimo changu cha kasi ni mdomo, kama naweza kuongea ila kuimba siwezi, basi hapohapo panatosha.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia: kwangu ukikimbia yanapotea, ukishasimama unapumzika ndo yanarudi, mawili matatu mfululizo. Siku ya kwanza nilitaka kuita bajaji. Nilimuuliza daktari akasema kwa moyo mzima hiyo hutokea. Sasa sisimami ghafla, namalizia na kutembea taratibu kama dakika kumi.

Mzee_Ligula:
Vijana mnazunguka. Kahawa ya kibarazani unakunywa vikombe vingapi?

Karani_Chikongola:
@Mzee_Ligula shikamoo mzee. Msimu ule vinne vitano kila usiku na kashata 😅 na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu.

Nesi sijawahi kuzimia, kifua hakibani, kwenye ukoo hakuna. La mwendo sijui, sijawahi kwenda mbali nikajua.

Mzee_Ligula:
Marahaba. Kopo acha leo. Kahawa kikombe kimoja, asubuhi. Na ulale.

Karani_Chikongola: (baada ya wiki tatu)
Wakuu mrejesho. Kopo nimeacha, kahawa nimepunguza, siwezi kusema yameisha, yamepungua. Nilirudi kwa daktari nikamuuliza maswali ya nesi moja moja, akasema sina sababu ya kutokutembea, holta kaniandikia ili niache kujiuliza, navaa Jumatatu.

Boda, nilianza na dakika zako tano, aisee aibu, watoto wa shule wananipita. Leo nimefika kwenye ile ngalawa. Imeruka mara mbili, jasho la baridi, mkono ukaenda mpaka kwenye kola ya shati nikaushusha. Sikukaa. Wale kina mama wakanikumbuka, mmoja akapiga kelele, "Baba, mwiba umetoka?"

Nikacheka mpaka nikasahau nilikuwa nahesabu.

Nesi, na hiyo holta naruhusiwa kukimbia nayo au niwe nimekaa tu?

Nesi_wa_Lindi:
Ishi kama siku zote, tembea, panda ngazi, kimbia kidogo. Usiilowanishe tu, kuoga subiri ivuliwe. Na muda ukisikia limeruka andika saa ngapi, walinganishe.