Tunisia 2021: Kais Saied alipindua nchi au aliiokoa?

Mleta mada: Wakuu, jana kijiweni tumebishana hii kitu mpaka kahawa ikapoa, nimeona niilete hapa. Mi nasema alichofanya rais Saied yalikuwa mapinduzi, tena ya mtu anayejua sheria, jamaa alikuwa mwalimu wa sheria ya katiba chuo kikuu. Jumapili 25 Julai 2021 Watunisia wameamka na raha zao, dogo wa miaka 18, Ahmed Hafnaoui, kachukua dhahabu ya kuogelea mita 400 kule Tokyo akiwa njia ya pembeni kabisa, namba 8, maana ndo aliyeingia fainali na muda mbovu kuliko wote. Mchana watu wako barabarani wanaandamana, usiku rais yuko kwenye TV kazungukwa na wakubwa wa jeshi na polisi, anamfuta kazi waziri mkuu Mechichi, anasimamisha bunge siku 30 na kinga za wabunge anaziondoa. Anasema kafuata ibara ya 80 ya katiba. Sasa ibara yenyewe inasema wakati wa hatari bunge likae muda wote! Yeye kaweka gari la jeshi getini kwa bunge.

Jibu: Mkuu unasoma ibara, watu walikuwa wanakufa. Julai ile korona imewakaba, hospitali zinalia oksijeni, siku ya Idi wametangaziwa chanjo kwa wote yakawa mafuriko ya watu na vurugu mpaka waziri wa afya akatimuliwa. Huko bungeni wiki chache nyuma mbunge kanyanyuka kwenye kiti kaenda kumchapa makofi mbunge wa upinzani, mama Abir Moussi, mbele ya kamera, kikao kinaendelea. Bunge gani hilo la kulilia? Usiku ule watu walitoka wanapiga honi, hakuna aliyewalipa. Na Saied 2019 alipata zaidi ya asilimia 70.

Mleta mada: Kaka honi sio kura. Siku 30 zikaongezwa, Septemba akajipa kutawala kwa amri, halafu akamteua Najla Bouden, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu kwenye nchi za Kiarabu, wote tukapiga makofi kumbe mama wa watu hana meno, kila kitu kiko kwa rais.

Jibu: Samahanini wakubwa, mnamsahau mchawi mwenyewe. Katiba ya 2014 ilitaka mahakama ya katiba, vyama vikavutana kuhusu majaji miaka saba, haikuundwa. Ndo ingekuwa refa wa ibara ya 80. Spika wa bunge Ghannouchi alipofika getini usiku ule na kufungiwa, naibu wake Samira Chaouachi akamwambia askari sisi tumeapa kuilinda katiba, askari akajibu sisi tumeapa kuilinda nchi. Wangekuwa na mahakama asingebishana na askari usiku wa manane, angeenda kwa jaji.

Jibu: Hapo umenena dada. Ila rais nae alikuwa na nafasi ya kuiunda mahakama, mswada wa kulegeza uteuzi ulipita bungeni mwaka huohuo 2021 yeye akagoma kusaini, eti muda umeshapita. Alijua anachokisubiri.

Mleta mada: Na bunge lenyewe lilivunjwa Machi 30, 2022. Mwenye hesabu ya siku 30 aje anielekeze.