Naomba ushauri: bustani ya mboga Arua, kiangazi kinakaribia

Mgeni wa Arua
Habari zenu wakulima. Nimehamia Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwaka huu nikitokea Masaka kule kusini, na nyuma ya nyumba nina bustani ya sukuma, dodo (mchicha), nyanya, biringanya na vitunguu kidogo. Sasa hivi mvua bado ipo na mboga zimestawi vizuri. Lakini majirani wananiambia kiangazi cha huku si cha mchezo. Kule Masaka tunavumilia Januari na Februari, Machi mvua imesharudi. Huku nasikia kuanzia Desemba mpaka Machi ni jua na upepo wa vumbi. Maji nachota kwenye pampu ya mtaa, foleni ndefu, na ya bustani hayazidi jerikeni tano kwa siku. Watoto wanakula mboga hizi na zinazobaki nauza, kwa hiyo sitaki zife. Nifanye nini kabla mvua haijakatika?

Mkulima Koboko
Karibu sana huku kwetu West Nile, dada. Anza na hesabu ya maji, mengine yatafuata. Jua la Januari linakausha kama lita tano kwa kila mita moja ya mraba kwa siku, na upepo ukivuma zaidi. Jerikeni ya lita 20 basi ni ya tuta moja la upana wa mita moja na urefu wa mita nne. Jerikeni tano, matuta matano. Mengine yote vuna, funika kwa nyasi, yapumzike. Naumia nikiona mtu anagawa maji kidogo kidogo shamba zima: udongo unalowa juu tu, mizizi inabaki juu juu, halafu jua kali la siku chache linamaliza kila kitu.

Jambo la pili, matuta ya kuinuka ni ya masika. Kwa kiangazi chimba kitanda cha kupandia kishuke chini ya usawa wa ardhi, kina cha kiganja hivi, uache ukingo pande zote ili maji yasitoroke. Changanya samadi iliyooza vizuri. Fanya sasa udongo ukiwa laini, maana Desemba jembe litadunda.

Mama Yumbe
Kaka amesema kweli. Mimi naongeza matandazo, na wakati wa kuyaweka ni sasa, udongo ukiwa bado umelowa. Ukifunika udongo uliokwisha kukauka, maji machache unayomwaga yanaishia kwenye nyasi. Weka unene wa vidole vinne, nyasi zisizo na mbegu au maganda ya maharage, na uache nafasi kuzunguka shina.

Kijana wa Nebbi
Mama, na mchwa je? Kwetu ukitandaza nyasi kavu wanakuja, wakizimaliza wanaingia kwenye biringanya.

Mama Yumbe
Mwanangu, mchwa wamo ardhini hata usipotandaza. Wanapenda kitu kikavu. Mmea wenye maji wanauandama ukinyauka au wakikosa kingine, ndiyo maana shina tunaliacha wazi na nyasi zikipungua tunaongeza. Ila kama kichuguu kiko karibu kabisa, hapo nakubaliana nawe, hamisha tuta.

Shamba Gulu
Dada, nyanya punguza, bakiza miche michache tu. Ukimwagilia leo ukaruka siku mbili, kitako cha tunda kinageuka cheusi. Watu hukimbilia dukani kununua dawa, na kumbe ni maji yasiyo na mpangilio, kalsiamu inashindwa kufika kwenye tunda. Halafu kuna utitiri, unaopenda joto na vumbi. Geuza jani uangalie chini: vidoa vya manjano upande wa juu, na chini utando mwembamba wenye vidudu vinavyotambaa. Jani la hivyo ling'oe mapema ulipeleke mbali. Nafasi ya nyanya wape bamia na kunde, hao jua wanalijua. Dodo usiiache, unaichuma wiki tatu au nne tu baada ya kusia. Vitunguu shingo zikianguka acha kuvimwagilia, jua hilohilo litavikausha.

Mgeni wa Arua
Asanteni sana, mmenifungua macho. Na maji ya kufulia, naweza kumwagia sukuma?

Mkulima Koboko
Yale yenye sabuni peleka kwenye migomba na mipapai. Sukuma mpe maji safi, jioni au alfajiri, kwenye shina.

Mama Yumbe
Jambo ambalo hamjaligusa ni mbuzi. Watu wakishamaliza kuvuna mashamba, wanyama huachiwa wazurure, na bustani yako itakuwa ndiyo kitu pekee cha kijani mtaani. Watakumaliza kwa asubuhi moja. Zungushia ua sasa hivi. Na pembeni ya ua fyeka nyasi ndefu, upana wa hatua kadhaa, kwa sababu moto wa kichakani ukianza Januari hauna wa kuuzuia.

Mgeni wa Arua
Mama, kwetu mbuzi tunawafunga, hilo sikulifikiria kabisa. Naanza na ua wiki hii. Matawi ya miiba yanatosha, au nitafute wavu?

Mama Yumbe
Miiba inatosha kama utaipanga vichaka viwili kwa upana, mashina yakielekea ndani. Ukikuta pengo asubuhi, lizibe siku hiyohiyo.