Naomba ushauri: kipimo cha damu cha kugundua mapema sepsisi kwa kichanga mwenye tundu la moyo

Baba wa Langoni (Lamu):
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mwanangu ameingia wiki yake ya nne, na picha ya moyo aliyopigwa Mombasa imeonyesha tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Tumeruhusiwa kurudi nyumbani kusubiri kliniki, lakini tumeonywa kwamba maambukizi yakimwingia katika damu, yaani sepsisi, hali yake inaweza kubadilika kwa muda wa saa chache. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba dalili tulizoambiwa tuziangalie, kama kuhema haraka na kuchoka anaponyonya, ndizo zile zile zinazoletwa na moyo wenyewe. Usiku, kutoka hapa Amu ni lazima tupande boti hadi Mokowe ndipo tushike barabara ya Witu na Garsen. Je, tukimpima CRP au prokalsitonini, yaani viashiria vya damu vinavyopanda mtu akipata maambukizi, kila wiki, tutaweza kuyajua maambukizi kabla hayajajitokeza? Na kati ya hivyo viwili, kipi cha kutegemewa?

Muuguzi wa Vichanga (Malindi):
Wa alaykum salaam, Baba. Mola amjalie afya. Kabla ya vipimo, mhesabuni pumzi akiwa amelala na ametulia, kwa dakika nzima, kila siku, na mziandike, kwa sababu kwa mtoto wa moyo tunachotafuta ni mabadiliko kutoka hali yake ya kawaida. Akikataa kunyonya, akipata degedege, akiwa hajitikisi mpaka aguswe, au joto la mwili likifika nyuzi 37.5 au likishuka chini ya 35.5, nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Nawasihi msipuuze ubaridi, kwani vichanga wengi huugua sepsisi bila homa yoyote.

Fundi wa Maabara (Malindi):
Ndugu yangu, kupima kila wiki hakutamkinga, kwa kuwa viashiria hivi hupanda baada ya maambukizi kuanza, na mtoto aliyepimwa Jumatatu akawa salama anaweza kuugua Jumanne. CRP ni protini inayotengenezwa na ini, nayo huchukua takriban saa 6 hadi 12 kuanza kupanda, kisha hufika kileleni baada ya siku moja na nusu au mbili. Kwa hiyo majibu mazuri ya mapema hayatoshi kumwondolea mtoto shaka, ila yakirudiwa baada ya saa 24 na yakabaki mazuri, daktari hupata sababu nzito ya kusimamisha dawa. Prokalsitonini hupanda ndani ya saa chache tu, na kwa hilo ni bora zaidi, ingawa katika siku mbili za kwanza za maisha hupanda yenyewe hata kwa mtoto mzima, jambo ambalo mwanao ameshalipita. Kipo pia interlukini-6, kinachotangulia vyote, lakini hushuka upesi hivi kwamba mgonjwa aliyechelewa kufika hukutwa nacho kimeshapungua.

Moyo nao huleta utata wake. Unaposhindwa kusukuma damu ya kutosha, viungo huumia na viashiria hivi huweza kupanda bila bakteria yeyote. Akifanyiwa upasuaji kwa mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu, CRP na prokalsitonini zitapanda kwa sababu ya upasuaji wenyewe, na hapo madaktari huangalia zaidi kama zinashuka kisha zikapanda tena. Kipimo kinachomtaja mdudu mwenyewe ni kuotesha damu, yaani kuiweka maabara ili bakteria waliomo wakue na waonekane. Damu hiyo, angalau mililita moja, itolewe kabla ya antibiotiki, na bakteria wengi huonekana ndani ya saa 36 hadi 48.

Mama wa Faza:
Shemeji, nami niongeze. Binti yangu alipolegea na kupauka, wote tulidhani ni sepsisi, kumbe mshipa mkuu wa moyo ulikuwa mwembamba, na ule mshipa wa muda ambao kila kichanga huzaliwa nao ulikuwa ukijifunga. Daktari aliligundua hilo kwa kushika mapigo ya mapajani, akayakosa. Aliongezewa dawa iitwayo prostaglandini ili mshipa ule ubaki wazi, huku antibiotiki zikiendelea.

Baba wa Langoni (Lamu):
Mmenifungua macho, nawashukuru sana. Nibakishe swali moja: tukifika usiku akiwa amelegea, na CRP ikawa ya kawaida, turudi naye nyumbani?

Muuguzi wa Vichanga (Malindi):
Hapana, Baba. Akiwa na dalili hizo hulazwa, damu ya kuotesha hutolewa, na dawa, aghalabu penisilini na jentamisini, huanzishwa bila kungoja majibu, kisha CRP hurudiwa kesho yake. Bebeni ripoti ya picha ya moyo na lile daftari la pumzi, na tangu mlangoni mwambieni daktari wa zamu kwamba mtoto ana tundu la moyo, kwa sababu maji mengi ya mshipani yakiingizwa kwa kasi, moyo wake unaweza kuelemewa, na daktari akijua mapema atayatoa kidogo kidogo huku akimchunguza ini na mapafu.