Chozi amejenga barazani kwangu: nimpigeje picha bila ya kuwaponza makinda?

BintiWete aliuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Niko Wete, Pemba. Nasomesha skuli ya msingi, na huu ni mwaka wa tatu napiga picha ndege wa huku kwetu kila nikipata nafasi. Kamera yangu ni Canon ya mtumba, lenzi yake ni ya kuvuta, milimita 55-250. Nina suali, ila lazima kwanza niseme lililonitokea mwaka jana.

Mwaka jana wakati wa vuli chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, alijenga kwenye mkomamanga nyuma ya jiko. Kiota chake mnakijua: kifuko kinachoning'inia, tundu iko ubavuni, nyasi na majani makavu yameshikizwa kwa utando wa buibui hata ukipita haraka utadhani ni taka zimenasa mtini. Aliyejenga ni mama peke yake, yule wa kijivu ambaye watu hawamtazami. Mumewe, huyo anayeng'ara kijani na zambarau, alikuwa akiimba juu ya ncha ya tawi.

Wakatoka makinda wawili. Kila nikiwapiga, kulikuwa na tawi moja lenye majani mbele ya tundu, linatia kiza na nyuso zao hazionekani. Nikalivuta kando nikalifunga kwa kamba ya usumba. Sikulikata, nilijiambia nikimaliza nitalifungua. Picha nikaipata: midomo miwili iko wazi, rangi ya embe bivu, na jua la asubuhi limewaingia hadi kooni. Kisha nikachelewa, nikakimbilia skuli na tawi nimeliacha vilevile limefungwa.

Niliporudi saa nane kiota kilikuwa kimechanwa ubavu, na kunguru yuko juu ya bati la jirani. Mama wa watu alikuwa akizunguka na buibui mdomoni, hana wa kumlisha. Alizunguka hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Ile picha ilipendwa sana. Nimeifuta.

Sasa chozi amejenga tena, na mara hii ni kwenye waya wa taa ya baraza la nyuma, hatua nne kutoka mlango wa jiko. Tangu wiki iliyopita analalia. Nimeitoa globu ili mtu asije akaiwasha usiku kwa kusahau. Mama mkwe wangu anaosha vyombo kwa mwanga wa tochi na hajasema neno. Naomba kuuliza: hawa wakitoka naweza kuwapiga picha bila ya kuwaponza? Nikae umbali gani, na wakati gani? Na kama jibu ni nisipige kabisa, niambieni hivyo hivyo. Nitakubali.

MzeeWaKonde:

Waalaykumu ssalaam mwanangu, na pole. Mimi nimetembeza wageni msitu wa Ngezi miaka mingi na hilo la tawi nimeliona zaidi ya mara moja, tena kwa watu wenye kamera za bei kubwa. Yale majani hayakuwepo pale bure. Mama alipachagua kwa sababu yake: yanamzuia kunguru asione, na yanawazuia makinda wasiungue. Kinda hana manyoya siku za mwanzo, jua la saa tano linamtosha kumuua.

Kupiga picha unaweza. Ila acha kutaka ndani ya kiota. Chozi hafiki moja kwa moja kwenye tundu. Ana pahala pake anapotua kwanza, akatazama huku na huku, ndipo anapoingia, na aghalabu ni pale pale kila mara. Basi kaa jikoni, dirisha wazi, ndani kiza, kamera iwe chini. Mtazame saa nzima. Ukishapajua pahala pake, hapo ndipo pa kupiga, kiota usikielekezee lenzi kabisa. Utapata mama, utapata chakula alichokamata, utapata na jicho lake. Kwangu mimi hiyo ni picha kubwa kuliko ya midomo.

Umbali usiniulize mimi, muulize yeye. Akija na chakula akaingia bila ya kusita, hapo ulipo pazuri. Akija akasita, akahama tawi hili akenda lile, akalia kile kilio chake kifupi kifupi cha ukali, umekaribia mno. Rudi nyuma papo hapo, usingoje akuzoee. Wakati wa kulalia muache kabisa, maana yai likipoa muda mrefu limekwenda. Wakishatoka, ngoja siku chache kwanza. Na wakikaribia kuruka, pale ambapo manyoya yameshajaa na wanachungulia tundu, ndipo pa hatari zaidi: ukiwashtua wanaruka kabla ya siku yao, wanaanguka chini, na chini pana paka.

Asubuhi saa moja mpaka saa tatu, nusu saa yatosha, kisha uondoke. Usitumie flashi. Barazani kuna kivuli, kwa hivyo pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, picha ikiwa na chengachenga kidogo si neno, ila kasi ya kamera isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde, kwani chozi hatulii.

Jambo jengine, halikuhusu lakini nalisema kwa wanaosoma. Yuko bundi wetu wa Pemba, ambaye hayuko pengine popote duniani, na magharibi ikiingia husema "hu" moja, akanyamaza, akasema tena. Wageni hunitaka nimpigie sauti yake kwa simu ili atokee. Msimu wa kuzaa sifanyi. Akisikia ile sauti anajua kaingiliwa na bundi mwengine, anaacha mayai anatoka kumfukuza adui ambaye hayupo. Na chozi wako naye ni wa kisiwa hiki tu. Hao si ndege wa kujaribia.

MvuviMpiga:

Pia usiwaguse makinda, dada. Mama akinusa mkono wa mtu huwakataa.

MzeeWaKonde:

Hilo la kunusa tumelisikia sote tangu utotoni, lakini sivyo. Ndege hawaachi watoto wao kwa harufu ya mkono. Kinachomkimbiza ni mtu kurudi rudi na kusimama. Bora usiwaguse, naam, lakini kinda akianguka naye hajaota manyoya, mchukue taratibu umrudishe kiotani, mama atamlisha.

WaNgambo:

Dada, mimi niko Mjini, Unguja, na kunguru nawajua kuliko ninavyopenda. Hawa wetu wenye shingo ya kijivu si wa asili. Waliletwa kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka za mji, wakageuka kula mayai na makinda ya kila ndege. Nilikuwa napiga picha za mnana kwenye mnazi mmoja. Kila nikisimama chini yake, kunguru mmoja hukaa juu ya nguzo ya umeme. Siku ya nne nikakuta viota vitatu vimepasuliwa. Kwa ninavyoamini mimi, alikuwa akinitazama mimi ninapotazama.

Kwa hivyo la dirishani ni zuri. Tena msiparie samaki hapo barazani, na makombo yafunikeni. Kunguru anakuja kwa utumbo wa samaki, halafu ndipo anapoinua kichwa.

MpembaLeicester:

Naungana na Mzee. Mimi naishi Uingereza, na huku ndege wengi hulea makinda kuanzia Aprili mpaka Juni, baridi ikiondoka na viwavi wakijaa. Ndiyo maana mafunzo mengi ya video yanazungumzia miezi hiyo. Wewe usifuate kalenda yao, fuata mvua na wadudu wa hapo ulipo.

Huku kuna sheria ya 1981 na orodha ya ndege ambao kuwasumbua kwenye kiota ni kosa, wamo mdiria na bundi mweupe. Anayetaka kuwapiga picha hapo kiotani, ikiwa kutawasumbua, lazima awe na leseni. Nilipofika niliona ni ukali usio na maana. Baada ya kusoma kisa chako naona vyengine.

Na ukizituma picha, hakikisha simu haitaji mahali zilipopigwa.

BintiWete:

Ndugu zangu, karibu mwezi umepita na nimerudi.

Nilikaa jikoni asubuhi tatu bila ya kamera kama Mzee alivyonambia. Pahala pake palikuwa fagio la chelewa, lililosimamishwa ukutani kichwa juu. Kila safari: kwenye fagio, kulia, kushoto, ndani. Nikawaomba watu wa nyumbani lile fagio lisiguswe, tukaazima la jirani. Samaki tumehamia kuparia kule karibu na kisima.

Mayai yalitotolewa, makinda wawili kama mwaka jana. Nimepiga siku sita tu, nusu saa nusu saa, nikiwa hatua saba ndani ya dirisha. Siku ya pili alisita, nikafunga dirisha nikaacha. Zilipoonekana nyuso tunduni sikupiga tena.

Picha ninayoiweka ni hii moja: mama juu ya chelewa, kiwavi wa kijani mdomoni, manyoya ya kifuani yamelowa mvua. Kiota hakimo.

Waliruka Ijumaa, mimi niko skuli. Mama mkwe ndiye aliyewaona. Anasema wa kwanza alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mkomamanga. Wa pili alitua kwenye fagio, akakaa hapo akipigapiga mbawa, mama anamwita kutoka mtini, na yeye bibi kasimama na sufuria mkononi anaogopa hata kuiweka chini. Kisha naye akaenda.

Amenihadithia mara tatu, na kila mara ananionesha kwa mikono namna alivyokaa.