Naomba ushauri: ukubwa wa intakula na mabomba ya turbo

Wakuu, naombeni msaada kabla sijakata chuma. Injini ni ya lita 2.0, turbo moja (feni ya kusukumia hewa zaidi kwenye injini), nalenga nguvu farasi 300 hivi za kuaminika, gari la kila siku. Intakula ya kiwandani (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) imekaa juu ya injini. Kwenye foleni inashika joto, ukija kukanyaga mafuta gari zito. Nataka kuweka ya mbele, nyuma ya bampa.

Mdomo wa turbo ni inchi 2. Nafikiria bomba la inchi 2 hadi kwenye intakula, kisha 2.5 hadi throtoli (mlango wa hewa wa injini). Fundi anang'ang'ania 3 kote. Mimi naona bomba nene hivyo ni nafasi zaidi ya kujaza hewa, turbo itachelewa kuitika. Kwa nguvu hii, 2.5 haitoshi kweli?

Kinachoninyima usingizi zaidi ni bomba la kutoka kwenye filta. Sensa ya kupima hewa inayoingia imo humo; nikipanua kipenyo pale ilipo, itasoma hewa pungufu na mchanganyiko utakosa petroli. Je, niache kasha la sensa lilivyo, nipanue mbele yake tu kuelekea turbo? Aliyepima joto la hewa kabla na baada ya kubadilisha intakula, tafadhali aniwekee namba zake.