Vijidudu kwenye noti na simu ya uwakala: nimeshanunua jiki, naombeni ushauri

Mwamba_Kibirizi: Habari wakuu. Nina kibanda cha uwakala Kibirizi, Kigoma. Wateja wanatoka kwenye dagaa na mawese moja kwa moja, noti zinanata. Nasikia simu na noti zina bakteria kibao. Naviuaje? Sina raha.

Dawa_Baridi: Zima simu, vua kava. Toa mafuta kwanza kwa kitambaa cha sabuni kilichokamuliwa, kisha futa kwa spiriti ya asilimia 70, iache ikauke yenyewe. Ukiwa na ya 96, pima mililita 73, jazia maji hadi 100. Kali mno hukauka kabla haijapenya kwenye kidudu. Tundu la chaji usililoweshe.

Shangazi_Ujiji: Mnahangaika na simu! Sponji ya vyombo ndiyo kiboko: joto, maji, makombo. Ikinuka, tupa.

Dawa_Baridi: Mleta uzi, noti hazijaanza leo. Umeshtuliwa na nini?

Mwamba_Kibirizi: Basi. Meza hiyohiyo nakatia nanasi na tikiti. Wateja wawili wanadai wameharisha. Ila kisu naosha! Na jiki lita 5 ninayo, nachanganya na spiriti iwe kali, nafuta kila kitu na noti.

Dawa_Baridi: Acha! Jiki na spiriti huzaa klorofomu. Na jiki ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, inachoma mapafu. Jiki ya asilimia 3.5: kikombe 1 kwa vikombe 34 vya maji. Meza ioshwe kwa sabuni kwanza, uchafu hula klorini. Paka, subiri dakika 10, suuza. Changanya upya kila siku. Noti usizifute kwa jiki.

Kigoma_Mwisho_wa_Reli: Zikitoka nyeupe nakuazima kalamu uandike elfu kumi upya 😂

Mwamba_Kibirizi: Nikinawa kila mteja, foleni itahamia kwa jirani.

Jicho_Kavu: Uzi wa kutunga huu. Juzi kulikuwa na "wakala wa Tabora", kisa hikihiki, lita 5 zilezile. Huyu anauza jiki.

Mwamba_Kibirizi: Siuzi jiki mkuu, nauza tikiti.

Shangazi_Ujiji: Jicho Kavu, hata mimi nimenusa kitu.

Dawa_Baridi: Tikiti unaoshea maji gani?

Mwamba_Kibirizi: Ya ziwani. Ila masafi, unaona hadi chini.

Dawa_Baridi: Kipindupindu cha Kagunga 2015, kijiji cha kandokando ya Tanganyika, watu walikuwa wakinywa maji ya ziwa hilohilo. Chemsha, yatokote. Anayeshika noti asishike kisu, tafuta wa kukata. Na hao wawili waende zahanati, njiani wanywe ORS, ile ya kurudisha maji na chumvi mwilini.