Kumfadhili pengwini asiyeweza kurudi baharini: tuulize nini kabla ya kutoa pesa?

MaalimWete

Assalamu alaykum wadau. Klabu ya mazingira ya skuli yetu hapa Wete inataka kumfadhili pengwini mmoja wa Afrika Kusini, aliyeokolewa lakini hawezi tena kurejeshwa baharini. Wanafunzi wameshachanga shilingi 210,000 na wanataka mpango wa mwaka mzima. Kabla ya mshika fedha wetu kutoa chochote, naomba wenye ujuzi mnijibu haya. Pesa inamfikia ndege huyo mmoja au inaingia mfuko wa wote? Nitajuaje kuwa kweli hawezi kurudi, na kwamba hakuwekwa kwa ajili ya kutazamwa na watalii? Tukilipa kutoka Pemba, vipi tutaepuka makato ya njiani? Na mwanafunzi mmoja kauliza, nami nalileta swali lake kama lilivyo: kwa nini asiletwe Zanzibar tukamtunza wenyewe?

DaktariWaMifugo_Unguja

Wa alaykumu salaam maalim. Nianze na swali lako la pili, maana hilo likijibiwa vizuri mengine yanakuwa mepesi.

Pengwini wa Afrika anazaliana Afrika Kusini na Namibia tu. Zimebaki chini ya jozi 10,000 zinazozaa, na Oktoba 2024 aliwekwa kwenye daraja la walio ukingoni kabisa mwa kutoweka, wa kwanza kati ya pengwini wote kufika hapo. Vituo vinavyojulikana kwa kuwatibu ni SANCCOB, kilichoanza 1968 na chenye hospitali Cape Town na Gqeberha, na kile cha Dyer Island Conservation Trust kilichopo Kleinbaai karibu na Gansbaai. Kazi ya vituo hivi ni kutibu na kurudisha. Mwaka 2000 meli iitwayo Treasure ilipozama kati ya kisiwa cha Robben na cha Dassen, pengwini wapatao 19,000 walichafuka mafuta, wakaoshwa, na walio wengi kabisa wakarudi baharini. Kwa hivyo ndege wa kubaki daima ni wachache, na kila mmoja lazima awe na sababu iliyoandikwa.

Sababu zinazokubalika ni hizi. Bawa lililovunjika likaunga kombo, au lililokatwa: pengwini anapiga makasia kwa mabawa mawili, na likipungua moja hawezi kumfukuza samaki wala kumkimbia sili. Upofu wa macho yote. Mdomo uliovunjika kiasi kwamba haushiki samaki anayeteleza. Manyoya yanayopitisha maji hata baada ya matibabu, kwa sababu maji yakifika ngozini mwili unapoa na ndege anakufa kwa baridi katika bahari ile ile aliyozaliwa. Na kuzoea watu kupita kiasi, hasa kifaranga aliyechukuliwa na mtu akamlea nyumbani peke yake. Huyo huwafuata watu na hajui kukaa na wenziwe. Jicho moja pekee ni suala la daktari kuamua, kwani kuna ndege mwenye jicho moja anayekamata samaki na kuna asiyeweza.

Sababu zisizokubalika: "amezoeleka na wageni", "bado tunamtazama" kwa miaka, au jibu lisilotaja kiungo wala ugonjwa. Ukipata jibu la namna hiyo, tafuta kituo kingine.

Sasa pesa. Mara nyingi inaingia mfuko wa pamoja, na mimi naona hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mashine ya kugandishia samaki haiwezi kugaiwa kwa ndege mmoja mmoja. Lakini mjue inalipia nini. Pengwini mmoja, mwenye uzito wa kilo 2 hadi 3 na nusu, hula takriban gramu 300 hadi 500 za samaki kwa siku, saradini kwa wingi. Ukichukua gramu 400 ni kilo 146 kwa mwaka. Na hiyo ni siku za kawaida, kwani wiki chache kabla ya kupukutisha manyoya hula zaidi sana ili kujaza mafuta mwilini. Kisha manyoya yote hutoka kwa mara moja, na kwa wiki tatu hivi haingii majini kabisa. Akiwa porini hupoteza karibu nusu ya uzito kwa kipindi hicho. Wanafunzi wakitumiwa picha ya wakati huo watadhani anaumwa: amenyong'onyea, manyoya yamechakaa kama mto uliochanika. Waambieni mapema kuwa ni hali yake ya kila mwaka.

Samaki wa kugandisha wana shida moja ambayo wengi hawaijui. Vitamini B1 hupungua wakikaa kwenye barafu, na baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoivunja kabisa. Ndege asipoongezewa, hupoteza hamu ya kula, hulegea, hutetemeka, mwisho hupata degedege. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 25 hadi 30 za B1 kwa kila kilo ya samaki, pamoja na vitamini E uniti 100 kwa kilo. Kidonge husukumwa kwenye matamvua ya samaki wa kwanza, na samaki hutangulizwa kichwa ili miba ya mapezi isimkwaruze koo. Samaki huyeyushwa ndani ya friji usiku kucha na kuliwa siku hiyo hiyo. Wakiyeyushwa kwa maji moto au wakiachwa juani, vitamini inapotea na bakteria wanazaana.

Ndege wa kudumu ana adui mwingine: sakafu. Asiyeogelea vya kutosha husimama kutwa, na juu ya saruji ngumu yenye unyevu na kinyesi nyayo huota sugu, sugu hupasuka, kidonda huingia hadi kwenye mfupa. Kinga yake ni mikeka ya mpira au kokoto, kuosha kila siku, na kuwapeleka majini hata kama hawataki. Kidonda cha nyayo kikishazama ni miezi ya bandeji. Ukiuliza swali moja tu juu ya utunzaji, uliza nyayo zinakaguliwa mara ngapi. Anayejibu bila kusita anajua kazi yake.

Kuna pia ukungu wa Aspergillus unaoshika mapafu na vifuko vya hewa, hasa penye hewa nzito isiyozunguka. Dalili huchelewa, na tiba yake ni ya muda mrefu na ya ghali. Na kuna malaria ya ndege. Si ile yetu, haimpati mtu, lakini nayo huletwa na mbu, na pengwini wa baharini hana kinga nayo. Anaweza kula vizuri asubuhi na kufa siku ya pili.

Hapo ndipo pana jibu la mwanafunzi wako. Joto la Zanzibar peke yake si kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani, kwani huyu si pengwini wa barafu. Juu ya macho ana ngozi tupu ya waridi inayotoa joto. Kikwazo ni mbu wetu wa mwaka mzima, ukungu unaopenda unyevu, na kwamba pengwini hakai peke yake. Ni ndege wa kundi na wa jozi. Kumleta mmoja ni kumfunga, na kuleta kundi ni kujenga hospitali. Tena yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, havuki mpaka bila vibali.

Mhasibu_ChakeChake

Nijibu la malipo. Kwa kiasi kidogo kama hicho msitume kwa uhamisho wa benki hadi benki nje ya nchi. Benki ya huku inakata, ya katikati inakata, ya kule inakata, na mnaweza kukuta makato yamezidi mchango. Tumieni kadi.

Kadi ya benki mara nyingi imefungwa kwa manunuzi ya mtandaoni ya nje mpaka mwenyewe aombe ifunguliwe, kwa hivyo fanyeni hilo siku kadhaa kabla. Namba ya simu iliyosajiliwa kwenye kadi iwe mkononi na yenye mtandao, maana namba ya siri ya kuthibitisha malipo itatumwa hapo na inaisha muda baada ya dakika chache. Malipo mengi hukwama hapa: mwenye kadi alibadilisha laini, namba ya siri inakwenda kwenye simu ya zamani. Ukurasa ukikuuliza ulipe kwa randi au kwa fedha nyingine, chagua randi, benki yako ndiyo ibadilishe. Ukibadilishiwa na ukurasa mara nyingi kiwango ni kibaya. Acheni asilimia 10 ya ziada kwenye akaunti, kwa kuwa kiwango cha siku ya kubofya sicho kila mara kitakachotumika siku pesa inapotoka.

Tazameni kisanduku cha kujirudia kila mwaka. Kikiwa na alama, mwakani kadi ya mtu itakatwa na klabu haina habari. Risiti iandikwe jina la skuli. Na chagueni cheti cha barua pepe badala ya kifurushi chenye mwanasesere. Kifurushi kinalipiwa usafiri, kinaweza kutozwa ushuru, halafu kinakaa posta, na yote hayo ni pesa ambayo ingekuwa samaki.

Msilipe kwa namba ya simu ya mtu binafsi iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Ingieni kwenye tovuti ya kituo chenyewe, anwani muiandike kwa mkono.

Nungwi_Mwambani

Fikra zenu ni nzuri, lakini kasa wa hapa nao? Nungwi kuna bwawa la Mnarani tangu 1993, wanafunzi wanaweza kufika na kuona kwa macho yao. Kwa nini pesa iende Cape Town?

DaktariWaMifugo_Unguja

@Nungwi_Mwambani hoja yako ina uzito, na nitafurahi klabu ikifanya yote mawili. Ila vipimo vya kasa si vya pengwini, na anayekwenda kufadhili kasa azijue tofauti.

Kasa aliyepoteza pezi moja mara nyingi anaweza kurudishwa. Wapo wenye mapezi matatu wanaoishi baharini miaka mingi. Kwa hivyo mtu akikwambia kasa fulani habanduki bwawani kwa kuwa amekatika pezi moja, uliza zaidi. Jike aliyepoteza pezi la nyuma atapata tabu kuchimba shimo la mayai, lakini hilo pekee halimfanyi mfungwa. Wasiorudi ni vipofu wa macho yote, waliopigwa na panga la boti wakapooza nyuma, na wale wanaoelea upande mmoja bila kuweza kuzama kwa sababu hewa imenasa ndani ya mwili au mapafu yamepasuka. Huyo wa kuelea juani gamba lake hukauka na kupasuka, na boti ya pili itammaliza.

Ulizeni pia wanakula nini. Kasa wa kijani mdogo anakula vya aina nyingi, akikua ni wa majani ya bahari na mwani. Akilishwa samaki kila siku ananenepa mno na viungo vya ndani vinaumia. Ulizeni kama urefu wa gamba unapimwa na kuandikwa kila mwezi, na kama wageni wanaingia majini na mafuta ya jua mwilini.

BintiMicheweni

Maalim, jambo dogo la hazina yenu. Kama katika hizo 210,000 kuna fedha iliyotolewa kwa nia ya zaka, itengeni. Zaka ina mafungu yake manane na hili halimo. Sadaka ya kawaida haina tatizo, kumlisha mnyama kuna ujira wake.

MaalimWete

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Bi wa Micheweni, nitamuuliza mshika fedha leo hii. Daktari, tukiandika barua pepe kwa kituo, tuwaulize nini hasa bila ya kuwachosha? Na kuna mzazi kasema kumlea pengwini mmoja kilema hakuokoi jamii yake. Nimjibu nini?

DaktariWaMifugo_Unguja

Mzazi ana haki, na msimfiche mwanafunzi yeyote. Kinachowamaliza ni njaa: saradini na dagaa mcheli wamepungua, na nyavu kubwa zilikuwa zikitupwa karibu na visiwa wanakozalia. Machi 2025 Mahakama Kuu ya Pretoria ilithibitisha makubaliano ya kuzuia uvuvi huo kuzunguka maeneo 6 wanakozalia pengwini hawa kwa miaka 10. Shauri lililetwa na BirdLife South Africa, shirika la kuhifadhi ndege, pamoja na SANCCOB. Hilo ndilo la kuokoa jamii. Ufadhili wa ndege wa kudumu unalipia wema kwa kiumbe aliyeumizwa, na unawasha taa na friji za hospitali ile ile inayotibu wanaorudi. Kwangu mimi inatosha. Mkitaka mchango uguse zaidi, mwaka mmoja mfadhilini ndege wa kudumu, mwaka wa pili mfadhilini ndege wa kurejeshwa baharini.

Barua iwe fupi, maswali matano:

Kwa nini ndege huyu hawezi kurudi, na nani aliamua?
Anatambulishwaje? Jibu zuri ni namba ya kichipu kilicho chini ya ngozi. Madoa ya kifuani nayo hayafanani kati ya ndege na ndege, ombeni picha ya mbele ili watoto wamtambue wenyewe.
Wafadhili wake ni wangapi? Wakiwa wengi si dhambi, ila lisemwe wazi.
Tutapata taarifa mara ngapi, na zitataja uzito na afya au ni picha tu?
Akifa ndani ya mwaka, mtatuarifu, na ufadhili unahamia kwa nani?

Hilo la mwisho usiliache kwa kuwaonea watoto huruma. Pengwini akitunzwa anaweza kupita miaka 20, lakini wengi wa hawa wameingia kituoni wakiwa na umri usiojulikana na mwili ulioumia. Andikeni kwa Kiingereza, wanajibu kwa barua pepe, na tajeni kuwa ni skuli; baadhi ya vituo vina vifaa vya masomo vya kuwatumia wanafunzi bila malipo.

Mhasibu_ChakeChake

Niongeze: barua itumwe kutoka anwani ya skuli, si ya mwalimu. Mwalimu akihamishwa Mkoani mwakani, taarifa za ndege zitahama naye.